Chupa Mbili, Harufu ya Mama

Usiku ule nililala na chupa mbili za manukato chini ya mto, kama mtu aliyeficha mali ya wizi. Hazikuwa za wizi. Bi Shamsa, mwenye duka la manukato barabarani kwetu hapa Tanga, alikuwa ameniazima zote mbili kwa sharti kwamba kesho yake moja ibaki kwetu na nyingine irudi rafuni. Moja ilikuwa na rangi ya waridi, inanukia pichi na mawaridi. Ya pili ilikuwa na ukijani mwepesi, inanukia pea na asumini. Zote tamu. Ukizinusa haraka huwezi kuzitofautisha, na ukizinusa taratibu ndiyo zinakuchanganya zaidi.

Aliyezitaka ni mdogo wangu Mwanaisha, kitinda mimba wetu. Alikuwa ndani akisubiri harusi yake, hatoki, hapigwi jua, anasuguliwa singo kila jioni mpaka chumba chetu chote kikawa kinanukia maua na viungo. Kwa kuwa hatoki, alinituma mimi dukani, na alinituma kwa maneno haya: "Dada, niletee inayonukia kama mama. Siku ile nataka ninukie kama yeye."

Mwanaisha hamkumbuki mama. Mama alipofariki, yeye alikuwa hajaacha kunyonya. Baba ndiye aliyetangulia. Mama akakaa eda, na kabla eda haijaisha akaugua, akamfuata. Nikabaki mimi, mkubwa, na wadogo zangu wawili. Nilikuwa nasoma. Nikaacha, nikakaa kwenye cherehani ya mama, na nimekaa hapo mpaka leo. Siyasemi haya kwa kulalamika. Ndivyo ilivyokuwa. Athumani, wa katikati, alikua akaenda zake bara kutafuta maisha, na sasa tunamwona Idi kwa Idi.

Mwanaisha alipokuwa mdogo alikuwa hataki kulala. Alipekuapekua kanga zangu kifuani, anatafuta kitu ambacho mimi sina, halafu analia. Alipojua kusema akaanza kuuliza: "Mama alinukiaje?" Nikamjibu kile nilichokikumbuka: "Kama matunda yaliyoiva, na maua." Jibu lile likawa ndilo usingizi wake. Amekua nalo. Kila Idi hutaka manukato ya matunda na maua, na akishajipulizia hunijia, hunisogezea shingo, ananiuliza, "Hivi?" Nami humjibu, "Inakaribia."

Basi nilipofika dukani mchana ule, Bi Shamsa alinikaribisha kwa mdomo wake ule ule.

"Leo jua limechomoza magharibi! Saumu dukani kwangu! Umepotea njia ya kwenda kununua uzi?"

"Nimetumwa na bibi harusi."

"Nilijua tu. Mtu anaitwa Saumu, kazi yake kufunga. Hata harufu nzuri amejifungia." Akacheka mwenyewe, akavuta kigoda. "Kaa, mwanangu. Anataka nini?"

Nikamweleza. Hakucheka tena. Aliniuliza mama alinukiaje, nikamwambia matunda na maua.

"Matunda gani?"

Nikazitazama chupa rafuni.

"Maana embe ni tunda, na ukwaju ni tunda," akasema. "Nisaidie kidogo."

Sikuweza kumsaidia. Alishusha chupa, akapanda kigoda kingine, akashusha nyingine, akanipulizia kwenye vipande vya karatasi mpaka pua yangu ikachoka. Mwisho zikabaki hizo mbili. Akasema, "Lete mkono, tuone kwenye mwili." Nikauficha mkono chini ya buibui.

"Puliza kwenye karatasi tu, Bi Shamsa. Mimi mtu wa cherehani, nikipaka yatashika nguo za watu."

"Karatasi haina damu," alisema. "Manukato hutaka damu." Lakini hakunilazimisha. Alizifunga zote mbili kwenye gazeti, akaniambia nikalale nazo.

Ndiyo maana nililala nazo.

Mwanaisha alikuwa kando yangu kitandani. Tumelala kitanda kimoja tangu akiwa mchanga. Baada ya harusi kitanda kile kingekuwa changu peke yangu, na mimi sikujua mtu akiwa peke yake hulala upande gani. Nilidhani amelala, kumbe yuko macho.

"Dada, umeshaamua?"

"Asubuhi."

"Nimempigia Athumani. Anasema yeye anakumbuka viatu tu."

"Viatu gani?"

"Vya mama. Vya kijani. Nikamwambia siwezi kujipulizia viatu." Akacheka kidogo, kisha sauti yake ikashuka. "Umebaki wewe tu unayejua, Dada. Ukisema ni hii, basi ni hii."

Akageuka, akalala. Mimi nikatoa chupa ya kwanza, nikaifungua gizani, nikanusa. Nikatoa ya pili. Nikarudia ya kwanza. Na hapo ndipo hofu iliponishika, maana nilikuwa natafuta harufu kichwani mwangu na sikuipata. Nilichokuwa nacho ni yale maneno, matunda na maua, maneno niliyoyasema miaka yote mpaka yakabaki yenyewe tupu. Nikinyoosha kidole kwenye chupa yoyote, Mwanaisha ataamini. Ataivaa siku ya harusi yake, atalia kwa furaha, na huenda mimi nitakuwa nimemkumbatisha mtu baki. Na hakuna mwingine wa kumuuliza.

Sijui usingizi ulinichukua wakati gani.

Nilijiona niko uani kwetu, mchana kweupe. Nguo zimeanikwa kwenye kamba, na nyuma ya shuka moja kuna miguu imesimama. Niliijua ile miguu kabla sijaijua sura. Upepo ukalisogeza shuka, na mama akawa pale.

Sikushtuka. Alikuwa amevaa kanga zake za eda, zile kuukuu zilizopauka, na mikono yake ilikuwa mitupu, haina hina wala bangili. Midomoni ameshika pini, kama alivyokuwa akizishika anaposhona, safu nzima imebanwa katikati ya midomo. Kwa hiyo hasemi. Ananitazama tu, kama anayenipima kanzu.

"Mama," nikasema, "Mwanaisha anaolewa."

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayeambiwa jambo analolijua.

Nikamnyooshea chupa zote mbili. "Ipi ni yako?"

Anaanza kuzitoa pini midomoni, moja moja, anazichomeka kwenye pindo la kanga. Anafanya taratibu. Nami ninangoja, na ninapongoja ua wetu unakuwa darasa. Hakuna mwalimu, hakuna wanafunzi, ni madawati tu na vumbi la chaki. Mama amekaa dawati la nyuma, magoti yake hayaenei. Mimi nimesimama mbele, nimevaa sare yangu ya shule, imenibana kwapani, sketi haifiki hata magotini, nami ni mtu mzima nisiyejua pa kuficha miguu. Chupa iko mkononi mwangu.

Ananionyesha kwa kidevu karatasi iliyobandikwa chupani. Nisome.

Ninajaribu. Herufi zinakimbia. Nikishika ya kwanza, ya pili imeshaondoka. Jasho linanitoka kama siku ya mtihani.

"Sikufika huku, Mama," ninasema. "Niliacha kabla."

Pini zimekwisha midomoni mwake. Anacheka, kicheko chake kile kifupi cha puani.

"Kwani manukato husomwa?"

Ninafungua chupa. Harufu inatoka, inajaa darasa zima, na kuta za darasa zinalegea, zinaanza kupepea, kumbe si kuta, ni mashuka. Wanawake wameyashika pembe kwa pembe. Ndani ya mashuka kuna maji yanamwagwa kwa kopo, yanamwagwa, yanatulia, yanamwagwa tena. Ninapajua mahali hapa. Nilishawahi kusimama hapa hapa, nje ya shuka, na sare hii hii, ila siku ile ilikuwa inanitosha.

Sauti ya mwanamke inatoka ndani: "Jamani, huyu alikuwa edani. Tumpake?"

Na sauti nyingine, ya mtu mzima, inajibu: "Eda yake imekwisha, mwanangu. Mpakeni."

Kisha ninasikia vizibo. Kila mwanamke amekuja na alichokuwa nacho nyumbani, mmoja kachupa cha harusi yake, mwingine marashi ya Idi. Na chini ya shuka, karibu na miguu yangu, harufu inatambaa inatoka nje. Matunda yaliyoiva. Maua. Ninaivuta. Ninaivuta kwa nguvu zote za mtoto, maana mama yangu miezi yote ya eda hakugusa kitu kinachonukia, hata mafuta ya nywele alikuwa hapaki, na sasa ananukia hivi, na ninajua kwamba nikitoa pumzi hii sitapata nyingine.

Lakini mama hayuko ndani ya mashuka. Yuko nje, kando yangu, amenishika mkono. Anayatazama mashuka kama mtu anavyotazama shughuli ya jirani.

"Hayo walinipaka," anasema. "Ni wema wao. Mimi sikuyachagua."

Hakuna aliyenieleza, lakini nikafahamu. Nilivuta pumzi moja siku ile, na pumzi ile ikafuta zote zilizotangulia. Harufu niliyomlaza nayo mdogo wangu miaka yote, niliyomwambia ndiyo mama, ilikuwa harufu ya sanda.

"Sasa yako ni ipi?" ninamuuliza. "Mama, yako ni ipi?"

Ananivuta kichwa, anaweka pua utosini pangu, kama alivyokuwa akifanya nikirudi shule, kujua kama nimecheza juani. Anavuta pumzi. Anashuka shingoni, anavuta tena. Anakigeuza kiganja changu, ananusa hapo pia. Ananinusa kama mtu aliyerudi nyumbani kutafuta kitu alichokiacha na hakioni mahali pake.

"Mwanangu," anasema, "hunukii kitu."

"Ni kwa ajili ya nguo za watu, Mama. Manukato hushika kitambaa."

"Saumu."

Aliniita jina langu kwa upole hata nikatamani asiniite tena.

"Nani kakukalisha eda?"

Najua sheria, kila mtoto wa mtaa wetu anaijua. Eda ni ya mke kwa mumewe. Mtoto humlilia mzazi siku zake chache, kisha huoga, hujipaka, hurudi kwa watu. Hakuna mtu aliyenifungia mlango. Hakuna aliyenivua bangili. Nilizivua mwenyewe siku niliyokaa kwenye cherehani, nikaziweka mahali, sikumbuki hata ni wapi.

"Nilikuwa nangoja wakue," ninasema.

"Wamekua."

Mashuka hayapo. Tuko uani tena, mimi na yeye, na kamba ya nguo haina nguo. Jua limehama. Anasema maneno ambayo ndiyo yaliyonifanya nisimulie haya yote.

"Manukato ya mwisho mtu huchaguliwa. Ya kabla ya hapo achague mwenyewe. Kamwambie na mwenzio."

Kisha anakunja kanga hadi kwenye kiwiko, ananinyooshea mkono wake, upande wa ndani, pale mishipa inapopita. Sikuwa nimeuliza tena. Anajua tu kwamba bado nauliza. Ninainama, ninanusa.

Ilikuwa yenyewe. Hata sikuhitaji kufikiri. Ni kama kusikia sauti ya mtu wako katikati ya soko. Nikasema, "Ndiyo hii! Mama, ndiyo hii!" Nikaushika mkono ule kwa mikono miwili. Yeye akanikubalia kwa muda, kisha akaanza kuutoa polepole, akarudi kwenye pindo la kanga, akachomoa pini, akaiweka midomoni. Akachomoa ya pili. Akachomoa ya tatu. Alikuwa anarudi kazini. Nikajua zikishaenea hatasema tena, nikataka kumuuliza jambo, lolote, hata kuhusu viatu vya kijani.

Nikaamka.

Kwenye msikiti wa mtaa wa pili muadhini alikuwa ameanza. Kulikuwa hakujapambazuka. Mikono yangu yote miwili ilikuwa imeshika mkono wa Mwanaisha, nao ulikuwa unanukia singo. Nikafumba macho haraka, nikaitafuta ile harufu kabla haijaondoka. Ilikuwa imeshaondoka. Nilichobaki nacho ni kujua tu kwamba niliinusa, na kwamba haikuwa ya pichi wala ya pea, wala haikufanana nazo hata kidogo. Nilikwenda hadi kwake na nikarudi bila kitu ambacho pua yangu ingeweza kukishika. Sijapata kujisikia peke yangu kama dakika zile, huku mtu kalala kwenye bega langu.

Watu husema ndoto njema humsimulii ila anayekupenda. Nyumba nzima alikuwapo mmoja, na alikuwa anaamka.

"Dada, unaniumiza mkono." Akakaa, akafikicha macho. "Umeamua?"

Ningeweza kusema ni ya pea. Ningeweza kabisa. Neno moja, na angekwenda kwa mumewe ameridhika.

"Hakuna ya mama hapo," nikamwambia.

Nikamsimulia yote kama nilivyoyasimulia hapa, mashuka, maji, wanawake na vichupa vyao. Nilipofika kwenye harufu iliyotambaa chini ya shuka sikuruka neno. Mwanaisha hakunikatiza. Nilipomaliza nikangoja anilaumu, maana alikuwa na haki. Nje watu walikuwa wanapita kwenda kuswali.

"Kwa hiyo miaka yote hii," akasema mwishowe, "mimi nilikuwa nanukia maiti."

"Sikujua, mdogo wangu."

"Najua hukujua." Akafuta uso kwa ncha ya kanga. "Na ile yenyewe? Ya mkononi?"

"Niliijua. Nilipoamka imepotea."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Hapo akalia kweli. Nikamshika. Hakulia kwa kelele, alilia kama mtu anayemzika mtu ambaye hakuwahi kupewa nafasi ya kumzika. Niliacha alie mpaka akachoka. Kisha akajikohoza, akavuta mto, akazitoa chupa, akazishika moja mkono huu, nyingine mkono huu.

"Amesema achague mwenyewe?"

"Mtu achague mwenyewe. Akasema nikuambie."

Alizifungua. Sasa hakunisogezea shingo, hakuniuliza "hivi?" Alinusa kwa macho yaliyofumbwa, huku, kule, akarudi huku. Akacheka na machozi bado yako mashavuni.

"Basi mimi nazipenda kweli, Dada. Hata kama si zake. Ya pea. Yule bwana atadhani kaoa juisi, lakini ndiyo niipendayo."

"Ya pea basi."

"Na wewe?" akasema. Akanipokonya kiganja, akakigeuza. Mkono wangu ukaanza kujivuta wenyewe, kwa mazoea. Nikauacha ulipo.

"Ngoja," nikamwambia. "Usinipake. Nipe ninuse kwanza."

Nilizichukua chupa zote mbili. Nilinusa ya pichi, nikangoja, nikanusa ya pea. Safari hii sikumtafuta mtu ndani yake. Nilijiuliza jambo moja tu, na nilikuwa sijajiuliza tangu nilipokuwa na umri wa kuvaa sare: mimi napenda nini?

"Sizipendi," nikasema.

"Ipi?"

"Zote mbili. Tamu mno. Zinanichosha."

Mwanaisha alinitazama kinywa wazi, kama mtu aliyeona ukuta ukisema. "Hee, wewe! Miaka yote hii unanusa shingo yangu, kumbe hupendi?"

"Sikuwahi kuulizwa."

"Basi unapenda nini?"

Nilifikiri. Kulikuwa kunapambazuka, nilianza kuiona sura yake.

"Bado sijui," nikamwambia. "Lakini si hizi."